Mama Chanja na Unga wa Nyota

“Ni mimi.”

Hapo ndipo tulipomwacha Prudencia wiki iliyopita, amesimama katikati ya ua wake pale Igoma, simu mkononi. Na aliyesema “ni mimi” si adui wala mtu baki. Ni Bibi Justa, mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye mvi kichwa kizima, rozari bado imemning’inia kidoleni.

Taarifa ilikuwa imeingia kwenye simu sala ikiwa ukingoni. Kampuni ya mtandaoni iliyokuwa ikiweka matangazo kwenye blogu ya Prudencia imeyaondoa yote. Sababu? Udanganyifu. Kuna watu wa eneo moja, Igoma, wamekuwa wakiyabonyeza matangazo yale kupita kiasi, ili mwenye blogu apate kulipwa.

Prudencia aliuliza kwa sauti, “Nani kanifanyia hivi?” Alitegemea kimya. Akapata jibu.

“Wewe, Bibi Justa?”

“Mimi. Na Malimi huyu hapa. Na hao wote unaowaona kwenye mkeka.”

Wanawake wakainamisha macho, simu zimelala mapajani, kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni.

“Mlifanya nini hasa?”

“Tulikuchangia,” alisema Bibi Justa bila kutetereka. “Si ulituambia mwenyewe siku ile ya Noeli? Ulisema mtu akibonyeza tangazo, wewe unapata chochote. Tukakaa tukashauriana. Hela hatuna, vidole tunavyo. Basi kila Jumamosi tukishamaliza rozari, wewe unakimbilia kugeuza dagaa wako juani, sisi huku tunabonyeza. Mwenye bando anambonyezea asiye na bando.”

“Mimi nilibonyeza mpaka tangazo la kurefusha nywele,” alidakia Malimi, akikaza kilemba. “Na upara huu! Nikasema potelea mbali, mtoto asome.”

Mtoto mwenyewe ni Gladness, binti pekee wa Prudencia, aliye chuo cha uuguzi. Matangazo ya blogu ndiyo yaliyokuwa yakimweka darasani tangu baba yake afariki.

Prudencia alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira akaikosa. Utamkasirikiaje mtu aliyekuangusha huku akidhani anakubeba?

“Mlianza na sala?” aliuliza.

“Fupi,” alikiri Bibi Justa.

Prudencia akacheka, machozi yanamtoka. Kisha akafunga kanga kiunoni, akachukua mkoba.

“Unakwenda wapi?”

“Mjini. Kwa Josephat.”

Bibi Justa akakunja uso. “Yule kijana anayecheka kwanza ndipo anasalimia? Angalia, mwanangu.”

Nikukumbushe kidogo, msomaji, maana huenda leo ndiyo siku yako ya kwanza kukutana na mwanamke huyu. Prudencia anakausha dagaa. Hawaaniki mchangani. Anawaanika juu ya chanja, zile meza ndefu za miti na wavu wa chuma, ili mlaji asitafune mchanga. Alianza kueleza kazi hiyo kwenye blogu, kwa Kiswahili cha kawaida, na picha alizopiga mwenyewe. Wauzaji wa dagaa kutoka Ukerewe mpaka Songea wakawa wanamsoma. Wakampa jina: Mama Chanja. Akisema kitu, wanafanya.

Na Josephat ndiye aliyemfungulia blogu hiyo, enzi zile akifundisha akina mama bure kwenye semina. Siku hizi ni wakala wa matangazo, ana ofisi ghorofani, na kiti kinachozunguka.

“Shikamoo, mama yangu!” Josephat alicheka kwanza, kweli.

“Marahaba. Wameyafunga matangazo yangu.”

“Nimesikia. Kaa. Hebu ingia kwenye blogu yako hapa, kwenye kompyuta hii, nione wameandika nini.”

Prudencia akaweka pasiwedi yake, kidole kimoja kimoja, Josephat akimtazama. Blogu ikafunguka. Josephat akasoma, akazunguka na kiti chake, akasoma tena.

“Kesi ndogo. Tunawaandikia kujitetea. Useme ni wivu. Hao wanawake walikuwa wanabonyeza makusudi ili ufungiwe. Taja majina yao, mwenyekiti awe wa kwanza.”

“Niseme uongo juu ya Bibi Justa?”

“Atajuaje? Kizungu hicho.”

“Mungu naye hajui Kizungu?”

Josephat akacheka. Prudencia hakucheka.

“Wale wanawake,” alisema taratibu, “walikesha na mimi mume wangu akikata roho. Walinipikia, walinifulia, walinishika nisianguke kaburini. Leo niwaite wezi ili nipate tangazo la nywele? Tafuta njia nyingine.”

Hiyo njia nyingine ndiyo aliyokuwa akiisubiri Josephat. Alifungua droo haraka mno kwa mtu ambaye hakuwa amejiandaa. Akatoa pakiti yenye nyota nyekundu.

“Mama, nikwambie ukweli. Ile kampuni ilikuwa inakupa makombo. Inamwekea kila mtu matangazo yale yale. Lakini blogu yako ina kitu ambacho blogu kubwa za udaku hazina. Wanaokusoma ni watu wa dagaa watupu! Mwenye bidhaa ya dagaa atakulipa mara kumi. Na mwenye bidhaa ninaye. Unga wa Nyota. Unanyunyizia dagaa, inzi hasogei, mvua ikinyesha hawanuki. Maboksi yameshashushwa madukani, kuanzia Igoma mpaka Kisesa. Linalosubiriwa ni neno lako tu. Picha yako na maneno matatu: Mama Chanja anautumia.”

Prudencia akaichukua pakiti. Akaifungua pembeni, akainusa kwa mbali.

Akarudisha uso nyuma.

Harufu ile anaijua kila mtu aliyewahi kulala karibu na magunia ya mahindi. Dawa ya ghalani. Ile inayoua dumuzi.

“Josephat.”

“Naam, mama.”

“Lamba.”

“Eti?”

“Lamba kidogo. Si ni ya kwenye chakula? Nikikuona umelamba, tangazo ninaliweka leo hii, na picha nitatabasamu.”

Kiti kikaacha kuzunguka.

“Mama, huu si wa kulamba hivi hivi. Mtu anaosha kwanza dagaa, anapika…”

“Nani anakuambia kila mtu anaosha? Mimi nina mtoto anasomea uuguzi. Wewe unataka nimtafutie wagonjwa?” Akaisukuma pakiti, unga mweupe ukamwagika kwenye suruali ya Josephat. Kijana akaruka kama aliyemwagiwa makaa, akakimbilia bomba la maji.

“Unaona?” alisema Prudencia. “Kwenye suruali tu umekimbia. Wenzako waule!”

Josephat alirudi maji yanamdondoka, kicheko kimekwisha.

“Nilikutoa mchangani mimi. Bila mimi ungekuwa bado unauza kwa kopo la sado pale Igoma. Na bila huu unga mwanao anarudi nyumbani.”

“Akirudi nitamfundisha kuanika. Sitamfundisha kuua.”

“Utanirudia, mama. Utanirudia kwa magoti.”

“Magoti yangu yana mwenyewe. Nayapiga asubuhi na jioni, na si kwako.”

Akatoka. Mlango aliubamiza mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Ngazi zile alizishuka kama msichana, kifua mbele. Nyuma yake, kwenye ofisi ile, kompyuta ilikuwa ingali inawaka.

Aliposhuka Igoma alikuta Mashimba anachomelea, cheche zinaruka. Mashimba ni fundi chuma na muuza wavu, karakana yake iko kando ya barabara ya Musoma. Akainua kioo usoni.

“Mayu, mama yangu, mbona umevimba hivyo?”

“Nimegombana na msomi.”

“Ukampiga?”

“Nilimpa unga alambe.”

“Bora ungempiga,” alisema Mashimba, akirudi kwenye kazi.

Prudencia alitaka kuendelea na safari. Miguu ikakataa. Mbele yake zilikuwa roli za wavu wa chuma, zile zile anazotandaza kwenye chanja zake. Na maneno ya Josephat yakamrudia, lakini safari hii yamegeuka upande wa heri. Watu wa dagaa watupu. Mwenye bidhaa ya dagaa atakulipa.

“Mashimba, wavu huu unamuuzia nani?”

“Anayekuja. Siku hizi wanakuja watu wa ajabu, kutoka visiwani huko, Ukerewe. Wanasema wametumwa na Mama Chanja. Nikadhani ni mganga.”

“Mama Chanja ni mimi!”

Mashimba akazima mashine.

“Wewe?”

“Mimi. Kila wiki wananiuliza kwenye blogu, wavu usioshika kutu unapatikana wapi? Nawaelekeza kwako, bure, kwa vile naufahamu. Wewe unauza, mimi nafungiwa matangazo ya nywele. Sasa sikiliza. Juu kabisa kwenye blogu yangu pana nafasi. Naiweka picha ya karakana yako na namba yako ya simu. Utanilipa kwa mwezi, na utalipa kabla.”

“Mayu, matangazo ni ya watu wa bia na watu wa simu. Mimi nina mtarimbo na mashine.”

“Mtu wa bia atamuuzia nini msomaji wangu? Msomaji wangu anatafuta wavu. Anayetafuta wavu akiona wavu, hakuna haja ya jumuiya nzima kubonyeza. Atakupigia.”

Mashimba akakuna kidevu. Hakukuna sana.

“Nataka niwe peke yangu. Usije ukamweka na yule mwizi wa Buzuruga.”

“Wavu ni wewe tu. Lakini na mimi nina sharti langu. Ukibadilisha wavu ukaleta unaoshika kutu, nakutoa siku hiyo hiyo. Sitangazi nisichokitumia.”

“Hata kwa fundi wako?”

“Hata kwa ndugu yangu wa damu.”

Wakapeana mikono, ule wa Mashimba mweusi kwa masizi. Fundi mwenyewe akawa wa kwanza kupiga simu. Akamwita mshona magunia. Mshona magunia akamwita mwenye lori anayebeba dagaa kwenda Songea. Kila mmoja akataka nafasi yake. Jua halijapita utosini, Prudencia alikuwa ameahidiwa zaidi ya alichowahi kukiona kwa ile kampuni iliyomfukuza. Na wote hao ni watu anaowajua nyumbani kwao.

Bibi Justa na Malimi walimkuta pale pale karakanani. Walikuwa wamechoka kungoja nyumbani.

“Tumekuja kuungama,” alisema Malimi. “Tumeleta na sambusa.”

“Mmeshasamehewa. Kaeni muone matangazo ya watu wazima.”

Akapiga picha ya karakana. Akafungua simu yake aweke tangazo la kwanza, huku Mashimba akimchungulia begani, akijitengeneza kola kana kwamba atapigwa picha tena.

Pasiwedi si sahihi.

Akaandika upya, herufi kwa herufi.

Pasiwedi si sahihi.

“Umekosea,” alisema Malimi.

“Sijakosea. Ni jina la marehemu mume wangu. Nitalikoseaje?”

Akaifungua blogu kwa njia ya kawaida, kama msomaji mwingine yeyote. Ikafunguka.

Alijiona yeye.

Picha yake, ile aliyopiga Pasaka, na kitambaa cheupe kichwani, anatabasamu. Chini ya mkono wake wamebandika pakiti ya nyota nyekundu. Na maneno makubwa yamepita juu: MAMA CHANJA ANAUTUMIA. NA WEWE JE?

“Yesu na Maria,” alinong’ona Bibi Justa.

Prudencia akaiona tena ofisi ile. Kiti kinachozunguka. Kidole chake kikiandika pasiwedi. Blogu imefunguka. Na yeye anabamiza mlango kwa majivuno, ameiacha wazi mbele ya adui kama mtu aliyeondoka nyumbani na ufunguo ukining’inia mlangoni.

“Nilimwachia mwenyewe,” alisema. “Nilimwachia mwenyewe, jamani.”

Lakini hakuwa amefika chini. Chini ya tangazo palikuwa na maoni. Mtu mmoja tu alikuwa ameandika, na jina lake Prudencia alilifahamu kuliko majina ya majirani. Suzana wa Kisesa. Mwanamke ambaye hawajawahi kuonana. Kila makala ikitoka, Suzana ndiye wa kwanza kushukuru. Alijenga chanja baada ya kusoma hapa. Kwa chanja hiyo akapata kazi ya kupeleka dagaa shule ya bweni.

Suzana alikuwa ameandika hivi:

“Mama yangu, unga huu niliuona dukani hapa Kisesa nikasita kuununua. Kwa kuwa wewe umesema unautumia, nimenunua sasa hivi, nimenyunyizia magunia yote mawili ya shule. Pikipiki inakuja kuyachukua, watoto wanawala jioni hii. Mungu akubariki.”

Malimi aliacha kutafuna sambusa.

“Mjibu! Mwambie awamwage!”

Prudencia akabonyeza sehemu ya kujibu. Pakatokea maneno ya kijivu: Maoni yamefungwa. Josephat alikuwa amefunga mlango kwa ndani. Namba ya simu ya Suzana hakuwa nayo. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakionana pale pale tu, ukutani pa blogu, na ukuta ulikuwa umechukuliwa.

“Shule ya bweni Kisesa,” alisema Mashimba ghafla. “Geti lao nimelichomelea mimi. Namba ya mlinzi ninayo.” Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Prudencia akanyanyuka. Wote walimwona akinyanyuka, na Malimi alikuja kusimulia baadaye kwamba hajawahi kumwona amenyooka namna ile, hata siku ya mazishi.

“Pikapu yako ina mafuta?”

“Ya kufika inayo. Ya kurudi sijui.”

“Washa. Kurudi tutajua huko huko.”

Bibi Justa akaanza kupanda nyuma, juu ya roli za wavu, kanga imekunjwa magotini.

“Bibi, wewe baki!”

“Nibaki nikabonyeze nini?”

Prudencia akamgeukia Malimi. “Wewe ndiye ubaki. Waite wote wa mkeka ule. Mlibonyeza kwa kunipenda mkaniangusha. Leo bonyezeni tena. Kila mmoja apige simu, aandike kila kundi alilomo, la kwaya, la upatu, la ukoo. Semeni Unga wa Nyota ni sumu, na Mama Chanja hajawahi kuutumia. Semeni jina langu lote.”

“Na asiye na bando?”

“Abonyezewe!”

Pikapu ikaondoka, wavu unagonga nyuma, Bibi Justa ameanza Salamu Maria kwa sauti ya kushindana na injini. Walikuwa wameuacha mteremko wa kwanza simu ya Prudencia ilipoita.

Josephat. Na kicheko kilikuwa kimerudi.

“Mama yangu, taarifa zinakimbia. Nimeona wanawake wako wanaandika andika. Sasa nikushauri kama mwanao. Uko wapi?”

“Njiani Kisesa.”

“Geuza gari. Fikiri kidogo. Tangazo lina sura ya nani? Yako. Jina la nani? Lako. Limewekwa kwa pasiwedi ya nani? Ya marehemu mumeo. Ukiingia pale shuleni ukasema chakula kina sumu, wa kwanza kufungwa pingu ni Mama Chanja. Mimi simo popote. Rudi nyumbani, nyamaza, huenda watoto wakaharisha kidogo, yakaisha. Na pesa ya tangazo nitakutumia.”

Mashimba alikuwa amesikia. Akapunguza mwendo, akamtazama mwanamke aliye pembeni yake. Kwa nyuma, sauti ya Bibi Justa ilikuwa imefika “utuombee sisi wakosefu.”

Prudencia alimwona Gladness na sare yake nyeupe. Akayaona magunia mawili. Akaiona ile picha ya Pasaka.

“Josephat.”

“Naam, mama.”

“Umesema sura ni yangu?”

“Ni yako kabisa.”

“Basi ya kwenye picha mmeiiba. Hii nyingine inakuja yenyewe, na hii ina mdomo.”

Akakata simu.

“Mashimba, kanyaga.”

Mashimba akakanyaga. Paa za Kisesa zikatokea, kisha barabara ya vumbi inayokata kushoto, kisha ukuta mrefu wa shule. Mbele yao, katikati ya vumbi, palikuwa na pikipiki. Nyuma ya dereva yamefungwa magunia mawili.

“Piga honi!”

“Honi ilikufa tangu mwaka juzi, Mayu!”

Geti alilolichomelea Mashimba kwa mikono yake lilifunguka, pikipiki ikaingia. Ndani, moshi wa jikoni ulikuwa umeshapanda. Halafu geti likaanza kujifunga, na aliyekuwa akilisukuma kutoka ndani hakuwa mlinzi. Alikuwa askari wa polisi, na mkononi ameshika simu yenye ile picha ya Pasaka, kana kwamba alikuwa akimngoja yeye.

Prudencia alifungua mlango wa pikapu kabla haijasimama.